Geuza Kabati Kwanza

Machi 1955 Julius Nyerere alizungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa mjini New York, akiitetea Tanganyika na haki yake ya kuandaliwa kujitawala. Ukumbi aliozungumza ndani yake ulikuwa zawadi ya Denmark, na aliyeubuni ni Mdenmark, Finn Juhl. Kuta zimefunikwa kwa fito za mbao, dari lina masanduku ya rangi, na kando imesimama sanamu ya mwanamke aliyeinua mikono akimwachia ndege aruke. Sanamu hiyo, kazi ya mchongaji Henrik Starcke iliyokabidhiwa mwaka 1953, ni ya msaji, mti uleule ambao mafundi wa Tanga na Morogoro wanauita mtiki.

Kwa miaka kama ishirini baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ukisema mtiki umesema Denmark. Viti, makabati na meza za kahawa zilitoka kwenye karakana za Copenhagen na viwanda vya Jutland na Funen, zikapakiwa melini kwenda Marekani na Uingereza. Leo samani hizo zinazunguka dunia mara ya pili, na safari hii zinatangulizwa na picha za simu. Mtu yuko Malmö au Chicago. Anatazama kabati lililoko ghalani Copenhagen, analipa, na hajawahi kuligusa. Nilikwenda Denmark kuitazama biashara hiyo kwa karibu, hasa kwa ajili ya jambo moja: muuzaji mkweli huandika nini kuhusu kitu ambacho mnunuzi hawezi kukishika, na hujizuia kuandika nini.

Nilianzia kwa Juhl mwenyewe. Treni ya mjini ya mstari C inakwenda kaskazini kupitia Hellerup na Charlottenlund hadi Ordrup, na kutoka hapo unatembea katikati ya bustani na miti mikubwa. Nyumba aliyoijenga mwaka 1942, akiwa na miaka 30, ni nyeupe na haina ghorofa. Aliishi humo hadi alipofariki mwaka 1989, na tangu 2008 iko wazi kwa wageni chini ya makumbusho ya Ordrupgaard iliyo jirani. Ukiingia unaelewa mara moja kwa nini watu wanatafuta jina lake kwa udi na uvumba. Mikono ya viti vyake imechongwa kama mifupa iliyo hai. Kiti chake maarufu, kinachoitwa Kiti cha Chifu, kilionyeshwa mwaka 1949 kwenye maonyesho ya chama cha maseremala wa Copenhagen, na Mfalme Frederik IX alikikalia siku ya ufunguzi.

Lakini Juhl hakuwa seremala. Alikuwa msanifu majengo. Aliyeshika patasi ni fundi Niels Vodder, na kazi nyingi bora za Juhl za miaka ya 1940 na 1950 zina mhuri uliochomwa kwenye mbao wenye majina yote mawili, la fundi na la mbunifu. Hapo ndipo mtego wa kwanza wa biashara ya mtandaoni unapotegwa, maana yupo pia Arne Vodder, msanifu aliyesoma kwa Juhl na baadaye akabuni makabati mazuri ya kiwanda cha Sibast. Ni watu wawili tofauti wenye kazi mbili tofauti. Tangazo linaloandika “Vodder” tupu, bila kusema yupi na bila picha ya mhuri, limeshaacha nusu ya ukweli nyumbani.

Denmark haina msitu wa mtiki hata mmoja. Mbao zilitoka Siam, yaani Thailand ya leo, na Burma, na Wadenmark walikuwa na mlango wa kuzifikia kupitia kampuni ya Østasiatiske Kompagni, iliyoanzishwa Copenhagen mwaka 1897 na H. N. Andersen, nahodha aliyejenga utajiri wake Bangkok. Mtiki wa misitu ya asili ulikua polepole, ukatoa magogo manene na mbao zenye mafuta zisizooza upesi. Mabaharia wa Bahari ya Hindi waliijua sifa hiyo karne nyingi kabla ya maseremala wa Ulaya. Milango mingi ya zamani ya Mji Mkongwe wa Zanzibar ni ya mti huohuo, uliovushwa kutoka Asia.

Kazi yake ilikuwa ngumu. Mtiki una chembe za silika ndani yake, madini yaleyale yaliyomo kwenye mchanga, na chembe hizo hula makali ya msumeno na randa. Mwingereza mmoja aliyekuwa na kiwanda karibu na Copenhagen, Charles France, alilitatua tatizo hilo kwa kutumia misumeno yenye meno ya kabaidi ya tangsteni, na akaanza kutengeneza viti vya mtiki kwa wingi, vikiwa vimefunguliwa vipande ili vijae vizuri kwenye makasha na kuunganishwa vikifika. Kiwanda chake kiliitwa France & Daverkosen hadi mwaka 1957, kisha kikawa France & Søn, na katika miaka ya 1960 kikanunuliwa na Poul Cadovius na kuchukua jina la Cado. Mtu anayejua mfululizo huo anaweza kuutaja umri wa kiti kwa kusoma kibao kidogo cha chuma kilichopigiliwa chini yake. Kibao kikisema Daverkosen, kiti kimetengenezwa kabla ya mabadiliko ya jina, na muuzaji anaweza kuliandika hilo bila wasiwasi.

Ushahidi wa namna hiyo ndio unaofaa. Haumtegemei mtu mwenye macho makali wala mwenye jina kubwa. Upo kwenye mbao, na yeyote anaweza kuupiga picha.

Makumbusho ya ubunifu, Designmuseum Danmark, yamo ndani ya hospitali ya zamani ya Mfalme Frederik kwenye mtaa wa Bredgade, jengo la karne ya 18. Viti vimepangwa humo kila kimoja kwenye kijisanduku chake chenye mwanga, juu na chini, ukipita katikati kama kwenye njia ya handaki. Nilipita taratibu. Kuna Kaare Klint, aliyeanza kufundisha ubunifu wa samani katika Chuo cha Sanaa cha Kifalme mwaka 1924 na kuwafanya wanafunzi wapime vitu halisi, sahani, mashati, urefu wa goti, kabla ya kuchora kabati au kiti. Kuna Børge Mogensen, aliyeongoza idara ya samani ya chama cha ushirika cha FDB tangu 1942 na kubuni viti imara kwa familia za kipato cha kawaida. Kuna Nanna Ditzel, na kuna Hans J. Wegner, mtoto wa fundi viatu wa Tønder karibu na mpaka wa Ujerumani, aliyebuni viti zaidi ya 500. Kiti chake cha mviringo cha 1949 ndicho walichokalia Kennedy na Nixon katika mdahalo wao wa kwanza wa televisheni Septemba 1960.

Mgeni anayetoka humo na kufungua simu yake anakutana na hatari ya pili. Vingi vya viti hivyo bado vinatengenezwa. Kiti cha Wegner chenye mgongo wa umbo la Y kimeendelea kutoka kiwandani kwa Carl Hansen & Søn tangu mwaka 1950 bila kukatika. Kile cha mviringo kinatengenezwa leo na PP Møbler. Kiwanda cha J. L. Møller cha Aarhus, kilichoanza mwaka 1944, bado kinauza kiti namba 71 kilichobuniwa mwaka 1951. Kwa hiyo mtu akikuonyesha mhuri wa kweli kabisa, amekuthibitishia nani aliyetengeneza, hajakuthibitishia lini. Kiti kinaweza kuwa halisi na kikawa na umri wa miaka kumi. Mwenye haki ataandika “halisi” mahali pake na “cha zamani” mahali pake, na hataliacha neno moja lifanye kazi ya mawili.

Duka nililokaa muda mrefu zaidi liko Nørrebro, karibu na Ravnsborggade, mtaa uliojulikana kwa miaka mingi kwa wauza vitu vya kale. Juu ni chumba kidogo cha kuonyesha. Chini ni ghala lenye dari la kugusa kichwa, na huko ndiko kazi inakofanyika. Mwenye duka ni mama wa makamo aliyerithi ujuzi kwa baba yake, fundi. Sehemu kubwa ya mauzo yake hupitia mtandaoni sasa, na alikuwa na kabati refu la kimo cha kiuno, milango miwili ya kusukuma na droo nne, lililotoka kwenye nyumba ya mzee aliyefariki. Warithi walimwambia ni la mbunifu mashuhuri. Walimtajia hata jina.

“Kwanza tuligeuze,” akasema. “Majina baadaye.”

Tukalilaza juu ya blanketi. Nyuma hakukuwa na karatasi wala mhuri. Kulikuwa na namba iliyoandikwa kwa kalamu ya risasi, ambayo huenda ni ya fundi na huenda ni ya mhamisha mizigo. Akachukua tochi na kuanza kusoma mbao kama daktari asomaye picha ya mapafu.

Uso wa kabati ulikuwa wa vinia, ile ngozi nyembamba ya mbao inayogandishwa juu ya ubao mwingine. Alinionyesha jinsi ya kujua. Mistari ya mbao kwenye uso wa juu haikuendelea kwenye ukingo. Ukingo ulikuwa na ukanda wake wa mtiki mzito uliopachikwa kufunika tumbo la ubao. Mchoro wa mistari kwenye mlango wa kushoto ulijirudia kwenye mlango wa kulia kama kivuli kwenye maji, kwa sababu karatasi mbili za vinia zilikatwa kwenye gogo moja zikafunguliwa kama kurasa. Ubao mzito ni nadra kufanywa hivyo. Miguu, vishikio na fremu ya chini vilikuwa vya mtiki mtupu. Ubavu wa droo ulikuwa wa mbao nyeupe za Ulaya, na kwenye pembe meno ya ubao mmoja yaliingia kwenye ubao mwingine yakipanuka kuelekea nje, maungio ambayo hayang’oki hata droo ikivutwa miaka sitini.

Hapa nitasimama kidogo, kwa kuwa ndipo wauzaji wengi wanapopotoka na wanunuzi wengi wanapodanganyika. Vinia si ulaghai. Mafundi bora wa Denmark waliitumia kwa makusudi, kwani ubao mpana wa mbao nzito hutanuka na kusinyaa kwa majira, ukapinda au kupasuka, na kabati la mita mbili la mtiki mtupu lingekuwa mzigo wa watu wanne. Ulaghai ni kuandika “mtiki mtupu” juu ya kabati la vinia. Kuna wauzaji wanaoandika hivyo kwa kutojua, na kuna wanaojua. Matokeo kwa mnunuzi ni yaleyale: siku atakapopiga msasa juu ya meza yake akidhani ana sentimita mbili za mtiki, atakuta hana hata milimita moja, na chini yake chipbodi inamtazama.

Mama yule alipaka pamba mafuta kidogo akasugua sehemu ndogo ndani ya mguu. Rangi ikaamka, ya kahawia yenye dhahabu. Akakwangua ukingo uliojificha kwa wembe na kuninusisha: harufu ya ngozi ya zamani, yenye mafuta. Kila aliyepita kwenye mashine za mbao karibu na mashamba ya mitiki ya Longuza kule Muheza, au Mtibwa, anaijua. Vitundu vya mbao vilionekana kwa macho, vimejipanga kufuata pete za mwaka. Hivyo ndivyo alivyoridhika kwamba ni mtiki, na si mjozi au mkangazi uliopakwa rangi.

Mti unaowachanganya hata wazoefu ni mwingine, na unatoka Afrika. Afromosia huota Ghana na Kodivaa hadi misitu ya Kongo upande wa Kisangani. Rangi yake inakaribia ya mtiki, ila ni mkavu zaidi mkononi na mistari yake ni myembamba. Viwanda vya Uingereza viliupenda katika miaka ya 1960, mara nyingine vikiutumia kwa miguu na fremu huku uso ukiwa wa vinia ya mtiki. Leo wauzaji wengi huandika “mtiki” kwa vyote. Na afromosia imo tangu 1992 kwenye Kiambatisho II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini.

Kuhusu skurubu alikuwa na tahadhari. Za msalaba zenye mistari midogo kati ya mikono, zinazoitwa Pozidriv, zilianza kuenea miaka ya 1960, kwa hiyo ukizikuta kwenye kabati linalodaiwa kuwa la 1952 una haki ya kuuliza. Lakini skurubu hubadilishwa. Moja haitoshi kulishtaki kabati zima. Alizifungua kadhaa kutazama kama matundu yalikuwa yamewahi kuchimbwa upya, na hayakuwa.

Droo ya juu ilikuwa na alama ndogo ya duara ya udhibiti wa ubora wa chama cha watengenezaji samani wa Denmark, mfumo ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1950. Nilifurahi, nikadhani tumepata. Alinituliza. Alama hiyo inasema kabati limetengenezwa Denmark na kiwanda kilichokubali kukaguliwa. Haimtaji mbunifu. Haitaji mti. Lakini mtandaoni alama hiyo hupigwa picha kubwa na kuwekwa karibu na jina la Wegner au la Ib Kofod-Larsen, mbunifu mwingine mashuhuri, ili jicho la mnunuzi liunganishe vitu viwili ambavyo havihusiani.

Basi jina walilolitaja warithi lilikuwaje? Alifungua vitabu vya zamani vya orodha za viwanda na kurasa za nyaraka alizozikusanya, akalinganisha vishikio, miguu, upana wa milango. Kabati la mbunifu yule lilikuwa na miguu iliyoungana kwa upinde. Hili lilikuwa na miguu ya mviringo iliyosimama peke yake. Vishikio vilifanana, ila vishikio vya umbo lile vilitengenezwa na viwanda vingi. Akafunga kitabu. Nyumba za mnada za Copenhagen zina desturi nzuri sana katika hali hii: mahali pa jina la mbunifu huandikwa kwa Kidenmark “Dansk møbelproducent”, mtengenezaji wa samani wa Denmark, basi. Maelfu ya makabati mazuri yameuzwa chini ya maneno hayo mawili, na aliyenunua alijua hasa alichokipata.

Nilimuuliza kama haoni hasara. Jina lingeweza kuzidisha bei mara kadhaa. Alijibu kwamba wanunuzi wake wa kudumu ni wale waliowahi kununua kitu kisicho na jina kwake na kukikuta kilivyoandikwa. Maneno kama “inasadikiwa ni ya” huyatumia tu akiwa na sababu anayoweza kuiandika katika sentensi ifuatayo: kishikio hiki kimo kwenye orodha ya kiwanda fulani, ukurasa huu, picha hii. Kukiwa hakuna sababu ya kuandika, neno hilo halina kazi. “Kwa mtindo wa” nalo huliogopa, maana kwenye injini ya utafutaji mtu akiandika jina la mbunifu, kabati hili litatokea, na hapo mtindo umeshageuka chambo.

Tatizo hili si la juzi. Mitindo ya Kidenmark ilipopamba moto Marekani, viwanda vya huko vilianza kutengeneza samani zao na kuziita za Kidenmark, na nyingine zilitoka Yugoslavia. Mwaka 1968 Tume ya Biashara ya Marekani ilishikilia kwamba kitu kiitwacho cha Denmark bila maelezo mengine lazima kiwe kimetengenezwa Denmark. Uingereza kulikuwa na hali ya katikati: kampuni yenye chapa ya G-Plan ya High Wycombe ilimwajiri Kofod-Larsen mwaka 1962 aibunie samani, na zikauzwa kwa jina la ubunifu wa Kidenmark. Mbunifu alikuwa Mdenmark kweli, kiwanda kilikuwa cha Uingereza kweli. Hakuna aibu kuyasema yote mawili, na samani zile ni nzuri. Aibu huanza pale nusu ya pili inapofichwa.

Kwenye kona ya ghala kulikuwa na meza ndogo nyeusi yenye mistari ya zambarau, imefunikwa shuka na haikuwekwa kwenye orodha ya mauzo. Ilikuwa ya palisanda ya Brazili, ndugu wa mpingo wetu. Miti yote miwili ni ya jenasi ya Dalbergia. Palisanda hiyo imo kwenye Kiambatisho I cha CITES tangu 1992, na ndani ya Umoja wa Ulaya ni kosa hata kutangaza kuuza kitu kilichotengenezwa kwa mbao hizo bila cheti chake. Kuna msamaha kwa vitu vilivyotengenezwa kabla ya Machi 1947, ila samani nyingi za Denmark za palisanda ni za miaka ya 1950 na 1960, kwa hiyo hazimo. Kila kipande kinahitaji cheti chake, na kikienda nje ya Umoja wa Ulaya kinahitaji kibali kingine. Mama yule alikuwa akisubiri karatasi. Kuna wanaokwepa kwa kuandika “mti wa kigeni wenye rangi nyeusi” na kumwachia mnunuzi ajue mwenyewe. Sanduku likikamatwa forodhani, aliyepoteza fedha ni mnunuzi.

Mtiki wenyewe hauko kwenye orodha ya CITES. Lakini misitu uliotoka imebadilika: Thailand ilipiga marufuku ukataji kwenye misitu ya asili mwaka 1989, na mwaka 2021 Umoja wa Ulaya uliliwekea vikwazo shirika la mbao la serikali ya Myanmar. Mbao pana za umri ule hazitakuja tena kwa meli. Hiyo ndiyo sababu nadhani ukarabati unastahili uaminifu kuliko hata jina. Kabati moja likiharibiwa kwa mashine ya msasa, halina mrithi.

Alichofanya kwenye kabati lile ni kidogo sana. Alilisafisha kwa sabuni laini na maji ya vuguvugu, akalikausha, akapaka mafuta na kufuta yaliyozidi. Juu kulikuwa na duara jeupe la glasi ya moto, alilipunguza, hakulimaliza. Sehemu ya vinia iliyoinuka kwenye kona aliibandika kwa gundi na kuibana. Kishikio cha droo ya tatu hakikuwa cha asili; mtu alikuwa ameshachonga kingine, vizuri, lakini rangi ilikuwa ya chini kidogo. Angeweza kukipaka kifanane. Alikiacha.

Kisha tangazo. Alipiga picha mchana karibu na dirisha, taa zote zimezimwa, kwani taa ya manjano hulifanya kila kabati lionekane la mtiki wa dhahabu. Mbele, nyuma, chini, ndani ya droo, maungio, alama ya udhibiti pamoja na sarafu kando yake ili ukubwa ujulikane. Duara la glasi alilipiga kwa pembe inayolionyesha zaidi, jambo ambalo wauzaji wengi hulifanya kinyume. Kona iliyobandikwa na kishikio kilichobadilishwa kila kimoja kikapata picha yake. Maandishi yalisema: kabati la Denmark, pengine miaka ya 1960, vinia ya mtiki, miguu na vishikio vya mtiki mzito, droo za mbao nyeupe, mtengenezaji hajulikani, lina alama ya udhibiti, lilisafishwa na kupakwa mafuta, halikupigwa msasa. Kilichofuata ni kasoro, moja baada ya nyingine, kabla ya bei. Aliongeza hata kwamba ndani ya droo kuna harufu hafifu ya tumbaku, maana mzee yule alikuwa mvuta kiko na picha haina pua.

Sheria inambana pia. Anayenunua mtandaoni kutoka kwa mfanyabiashara ndani ya Umoja wa Ulaya ana siku 14 za kubadili mawazo, na Denmark inampa mnunuzi miaka miwili ya kulalamikia kasoro ambayo hakuambiwa, hata kwa kitu kilichotumika. Kurudisha kabati la mita mbili si kama kurudisha shati: ni lori, watu wawili na kona za ngazi. Kwa hiyo kila kasoro aliyoiandika ni gharama aliyojiepushia, na hakuona sababu ya kunificha hesabu hiyo.

Swali la kwanza lilitoka Malmö, ng’ambo ya daraja la Øresund. Mnunuzi hakuuliza nani alilibuni. Aliuliza kama miguu inafunguka, kwa sababu lifti ya jengo lake ni nyembamba. Mama akashuka ghalani na futi, akalilaza kabati tena, akafungua mguu mmoja hadi mwisho ili ahakikishe nyuzi za skurubu hazijaliwa, akapima urefu, kimo bila miguu, na kina pamoja na vishikio. Akatuma namba tatu na picha ya tundu la skurubu. Jibu lilirudi kabla hatujamaliza kahawa: litaingia likisimamishwa, na kishikio cha droo ya tatu kibaki hivyohivyo.